Volti za Wapi, Ampea za Lini?

Balbu ilikuwa juu ya meza, haijafungwa popote. Ilikuwa ile ya zamani, yenye uzi wa metali ndani, na kwenye kioo chake imeandikwa 230 V, 60 W. Mpwa wangu alikuwa ameshamaliza hesabu daftarini. Wati 60 gawanya kwa volti 230, mkondo ni ampea 0.26. Volti 230 gawanya kwa mkondo huo, ukinzani ni omu 882. Kisha akachukua multimita, akaizungusha mpaka kwenye alama ya omu, akagusisha ncha moja kitakoni pa balbu na nyingine ubavuni.

Kipimo kikasoma 64.

Akazifuta ncha, akapima tena. 64.

"Shangazi," akaniambia, "hapa kuna mmoja anadanganya. Ni kitabu au ni kipimo?"

"Hakuna anayedanganya, mwanangu. Uzi ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo. Ukiwaka, unapanda."

Akalipokea jibu, akafungua ukurasa mwingine. Jibu lenyewe ni sahihi, na kila mwalimu wa fizikia angelitoa hivyo hivyo. Lakini swali lake lilihamia kwangu. Wiki zikapita, nami kila nikitulia linanijia: kama kitu kimoja kina omu 64 na pia omu 882, ile R, yaani ukinzani, tunayoiandika kwenye fomula ni ya nani hasa? Ya balbu? Ya uzi? Ya saa ile?

Na nilivyozidi kulichokonoa, likaibua jingine kubwa zaidi.

## Hesabu haina kosa

Sitarudia darasa. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea. Nguvu ni volti mara ampea. Ukizichanganya hizo mbili unapata ndugu zake: nguvu ni mraba wa mkondo mara ukinzani, au mraba wa volti gawanya kwa ukinzani. Kati ya vitu vinne hivyo, ukivijua viwili, viwili vilivyobaki ni vya kalamu na karatasi.

Kinachonitia wasiwasi ni wepesi huo. Hesabu inapokea namba yoyote inayopewa, haiulizi imetoka wapi. Ipe volti zilizopimwa asubuhi na ampea zilizopimwa jioni, itagawanya. Ipe volti za soketi na ampea za waya ulio chumba kingine, itagawanya vilevile, na jibu litatoka na desimali zake, limenyooka, linapendeza macho.

Vipo vifaa vinavyotuzoesha kutouliza. Chukua hita ya wati 2,000 kwa volti 230. Mkondo wake ni ampea 8.7, ukinzani wake omu 26.45. Waya wake ni wa nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo ukinzani wake hubadilika asilimia chache tu kutoka ubaridi hadi wekundu wa moto. Ipime ikiwa baridi, utapata namba iliyo jirani kabisa na ile ya daftarini. Volti zikipanda hadi 240, nguvu inapanda hadi wati 2,178 hivi: volti zimeongezeka kama asilimia nne, nguvu karibu asilimia tisa, kwa sababu ya ule mraba. Kila kitu kinakwenda kama kilivyoandikwa.

Aliyejifunza kwa hita anaweza kuishi miaka akiamini kwamba ukinzani umepigwa muhuri juu ya kifaa, kama uzito wake au urefu wake.

Balbu inakataa.

## Ile sehemu ndogo ya sekunde

Uzi wa balbu ni tangsteni, na balbu ikiwaka sawasawa uzi huo hufikia karibu nyuzijoto 2,500 za sentigredi. Katika joto hilo ndipo omu 882 zinapopatikana. Multimita ilipogusa, ilipitisha mkondo mdogo sana usioweza hata kuupasha uzi, kwa hiyo ikaona tangsteni ya joto la chumbani. Kuna uwiano wa karibu mara kumi na nne kati ya hali mbili hizo.

Sasa fikiria sekunde yenyewe ya kuwasha. Uzi bado ni baridi, una omu 64, na volti 230 zimefika zote. Mkondo wa mwanzo unakaribia ampea 3.6. Nguvu, volti mara ampea, ni zaidi ya wati 820.

Balbu ya wati 60 inakula wati 820.

Haidumu. Nguvu hiyo yote inamwagika ndani ya uzi mwembamba kuliko unywele, uzi unapanda joto mara moja, ukinzani unapanda nao, mkondo unashuka, na kabla sekunde haijaisha mambo yametulia kwenye ampea 0.26. Macho yanaona taa imewaka, basi. Lakini ndiyo sababu balbu za aina hii zilikuwa na tabia ya kukatika wakati wa kuwashwa: pale uzi ulipoliwa na ukawa mwembamba zaidi, ndipo panapopata moto mkali kuliko pengine katika kishindo kile cha mwanzo.

Namba ipi basi ndiyo ya kweli, 60 au 820? Zote mbili, kila moja kwa saa yake. Iliyoandikwa kwenye kioo ni ya balbu iliyokwisha kutulia, ikiwa imepewa volti 230 kamili. Ukiipa nusu, yaani volti 115, anayeshikilia omu 882 atakwambia nguvu imeshuka hadi robo, wati 15. Kwa kweli hubaki juu zaidi, karibu wati 20, kwa sababu uzi umepoa kidogo na ukinzani umeshuka nao. Balbu inapanga upya ukinzani wake kila unapobadilisha volti.

Nilijaribu kuikamata kwa kanuni iliyonyooka. Vitabu hutoa kizidishio cha tangsteni karibu na joto la chumbani: ukinzani unaongezeka kama sehemu 0.0045 kwa kila nyuzijoto moja. Nikizidisha omu 64 kwa ongezeko la nyuzijoto 2,500 napata omu 784. Iko karibu, lakini haifiki 882. Kizidishio hicho ni cha karibu na pale kilipopimwa, na huku juu mstari umepinda. Hata namba ya kusahihisha namba nayo ina mahali pake.

Jambo hili halikunikatisha tamaa hata kidogo, maana lina upande wake mtamu. Kama ukinzani unafuata joto kwa uaminifu, basi volti na ampea zinaweza kukusomea joto. Kuna vipimajoto vya platinamu vinavyofanya kazi kwa njia hiyo hiyo: waya wa platinamu wenye omu 100 kamili kwenye nyuzijoto sifuri, na omu 138.5 kwenye nyuzijoto 100. Unapitisha mkondo mdogo unaojulikana, unasoma volti, unagawanya, na jibu unalisoma kama joto. Wanaovitumia hujihadhari mkondo usiwe mkubwa, kwa sababu mkondo wenyewe hupasha waya. Mraba wa mkondo mara ukinzani haupumziki hata ndani ya kipimo.

## Ohm na barafu yake

Nikarudi nyuma kumtazama mwenye kanuni. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia mjini Cologne alipoanza majaribio yake katika miaka ya 1820. Tatizo lake la kwanza lilikuwa chanzo cha umeme. Betri za wakati huo, zilizotokana na ile ya Alessandro Volta ya mwaka 1800, zilichoka mtu akiwa bado anapima. Unabadilisha waya, mkondo unabadilika, lakini hujui kama ni kwa sababu ya waya au ni kwa sababu betri imelegea katika dakika hizo.

Johann Christian Poggendorff akamshauri aachane na betri atumie maungio ya metali mbili zenye joto tofauti. Ohm akachukua shaba na bismathi, upande mmoja akauweka kwenye maji yanayochemka, upande wa pili kwenye barafu. Maji yakichemka yana joto lake lilelile. Barafu ikiyeyuka ina joto lake lilelile. Volti zikatulia, na zilikuwa ndogo mno, milivolti chache tu, hivyo hata nyaya zake hazikupata moto wa kuzibadilisha. Mwaka 1826 alikuwa na matokeo yanayoaminika, na mwaka 1827 akachapisha kitabu chake mjini Berlin.

Nimekaa muda mrefu na picha hiyo ya chungu kinachochemka na bakuli la barafu. Tunaisoma kanuni yake kana kwamba ni hesabu ya kugawanya, wakati jasho lake lote lilikuwa kwenye kuhakikisha kwamba volti anazozigawanya ni za saa ileile ya ampea anazozisoma. Kugawanya kulikuwa kazi ya mwisho, na ndogo kuliko zote.

(Henry Cavendish alikuwa ameshaligusa jambo hili karibu nusu karne kabla yake. Hakuwa na amita, kipimo cha mkondo. Alitumia mwili wake mwenyewe, akilinganisha ukali wa mishtuko. Hakuchapisha. James Clerk Maxwell ndiye aliyezitoa kazi zake za umeme mwaka 1879, Ohm akiwa ameshafariki.)

Kuna mambo mawili ambayo hukaa ndani ya fomula moja na ni vizuri kuyatenga. La kwanza ni kwamba unaweza kugawanya volti kwa ampea kwa kifaa chochote, saa yoyote, ukapata namba ya omu. Hilo halikanushiki, ni maana tu ya ukinzani. La pili ndilo alilogundua Ohm: kwamba kwa metali ambayo joto lake halibadiliki, namba hiyo inabaki ileile hata ukiongeza au kupunguza volti. Hilo ni habari ya ulimwengu, na kuna vitu visivyolitii. Taa ndogo ya LED nyekundu inayopitisha milliampea 20 kwa volti 2 ina omu 100. Taa ileile ikipitisha milliampea 1 kwa volti 1.8 ina omu 1,800. Imepoteza sehemu ya kumi tu ya volti zake, na ukinzani umepanda mara kumi na nane.

Hapo nusu ya wasiwasi wangu ilitulia. Kila nikiona omu, sasa nauliza: ampea za lini?

Nusu ya pili ilikuja na maneno ya mpwa wangu yuleyule, siku nyingine, akiwa amekunja uso.

## Fomula mbili zinazogombana

"Shangazi, hii inasema ukinzani ukiongezeka nguvu inaongezeka. Hii inasema ukinzani ukiongezeka nguvu inapungua. Na zote zimetoka ukurasa mmoja."

Alikuwa ameziandika moja juu ya nyingine. P = I²R. P = V²/R. P ni nguvu, I ni mkondo, V ni volti, R ni ukinzani.

Jibu la darasani lipo: ya kwanza itazame mkondo ukiwa haubadiliki, ya pili itazame volti zikiwa hazibadiliki. Nilimpa hilo. Lakini nililisikia mwenyewe likipita juu juu, kwa sababu katika maisha mkondo na volti vyote viwili hubadilika, na swali la hatari linakuja likiwa limevaa nguo za kawaida: tunasema shoti inaunguza kwa sababu ukinzani ni mdogo mno. Tunasema pia maungio yaliyolegea yanaunguza kwa sababu ukinzani ni mkubwa. Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza, sasa tuogope lipi?

James Prescott Joule, mwanzoni mwa miaka ya 1840, alizamisha waya uliosokotwa kwenye maji, akapitisha mkondo, akapima maji yalivyopata joto. Akaona joto linafuata mraba wa mkondo mara ukinzani wa waya ule. Waya ule. Alichopima ni kile kilichomo ndani ya maji yake peke yake, bila kuchanganya na mzunguko uliobaki. Nadhani hapo ndipo ufunguo ulipo, na watu wengi tunaupita.

## Nusu omu ndani ya plagi

Tuseme ile hita ya omu 26.45 imechomekwa kwenye soketi ambayo teminali yake imelegea. Mahali hapo padogo, skrubu na waya visipobanana vizuri, panazaliwa ukinzani wa omu 0.5. Ni mdogo. Ukiusikia hauogopi.

Anayeshika fomula ya V²/R bila kuuliza atafanya hivi: 230 mara 230, gawanya kwa 0.5. Anapata wati 105,800. Anajua haiwezekani, kwa hiyo anaiacha hesabu na kusema umeme una mambo yake.

Umeme hauna mambo yake. Volti 230 haziko kwenye yale maungio. Ziko kati ya waya mmoja wa soketi na mwingine, na katikati kuna hita na maungio yakizigawana. Ukinzani wote ni omu 26.95. Mkondo ni ampea 8.53. Mkondo huo mmoja unapita kwenye hita na kwenye maungio. Sasa volti za maungio peke yake ni 8.53 mara 0.5, yaani 4.27. Nguvu ya maungio: 4.27 mara 8.53, wati 36.

Ijaribu kwa fomula zote. Mraba wa 8.53 mara 0.5 ni 36. Mraba wa 4.27 gawanya kwa 0.5 ni 36. Ule ugomvi umekwisha, maana sasa V, I na R zote ni za kitu kimoja.

Wati 36 ni kama chuma cha kulehemu cha fundi wa redio, kinachoyeyusha lehemu kikiwa mkononi. Kimefungiwa ndani ya plastiki, nyuma ya ukuta, saa nzima hita inapowaka.

Kisha nikajiuliza, maungio yakizidi kuharibika inakuwaje? Joto linaunguza metali, inapata kutu ya moto, ukinzani unapanda. Ukifika omu 5, mkondo wa mzunguko mzima umeshuka hadi ampea 7.3, lakini nguvu ndani ya maungio ni wati 267. Ukilingana na hita, omu 26.45 kila upande, maungio yanakula wati 500, na hapo ndipo kilele. Kuanzia hapo ukinzani ukizidi nguvu inaanza kushuka, kwa sababu mraba wa mkondo sasa unapungua haraka kuliko ukinzani unavyoongezeka. Waya ukichomoka kabisa, hakuna mkondo, hakuna joto hapo.

Niliichora hiyo kwenye karatasi, mlima unaopanda kisha kushuka, na nikaona fomula zote mbili za mpwa wangu ndani yake. Upande wa kupanda, P = I²R ndiyo inayosema vizuri, maana mkondo unatawaliwa na hita na haubadiliki sana. Upande wa kushuka, ukinzani wa maungio ukishakuwa mkubwa sana kuliko wa hita, karibu volti zote za soketi zimehamia kwake, na P = V²/R ndiyo yenye usemi. Kila fomula ina mteremko wake.

Lakini kilichonishtua katika mchoro ule ni mkondo. Tangu mwanzo hadi mwisho, unashuka. Kutoka 8.7 hadi 8.5, hadi 7.3, hadi 4.3. Breka ya ampea 16, ile swichi inayokata umeme mkondo ukizidi, inatazama mkondo peke yake. Kwa macho yake mzunguko huu unazidi kuwa mpole, wakati nyuma ya ukuta plastiki inabadilika rangi.

Breka haiwezi kuona maungio mabovu.

Shoti inaiona mara moja. Pale ambapo hita imerukwa na waya mbili zimegusana, na njia nzima ya umeme imebaki na omu 0.5, hapo volti 230 kweli ziko juu ya omu hizo, mkondo unakuwa ampea 460, na zile wati 105,800 zinatokea kweli kwa muda mfupi mno kabla breka haijakata. Namba ileile ya omu, nusu. Tofauti ni volti zilizo juu yake.

Kwa hiyo plagi yenye joto mkononi, soketi yenye rangi ya kahawia pembeni, harufu ya samaki au plastiki inayoungua karibu na swichi: usisubiri breka ikuamulie. Zima, ita fundi, maungio yafunguliwe na kukazwa au kubadilishwa. Nalisema hili kwa uzito wote.

## Kwa nini nyaya ndefu hubeba volti kubwa

Swali hilihili, volti za wapi, linafungua jambo ambalo huwachanganya wengi kuhusu njia kuu za umeme. Kama nguvu inayopotea ni mraba wa volti gawanya kwa ukinzani, kupandisha volti si kunaongeza upotevu?

Tuseme unapeleka wati milioni moja kupitia waya wenye omu 1 kwenda na kurudi. Kwa volti 10,000 mkondo ni ampea 100, na waya unapoteza wati 10,000. Kwa volti 100,000 mkondo ni ampea 10, waya unapoteza wati 100. Volti laki moja ziko kati ya waya na mwenzake. Kati ya mwanzo wa waya na mwisho wake, njia nzima ya kwenda na kurudi, kuna volti 10 tu. Hizo kumi ndizo za kuingiza kwenye V²/R.

## Nyaya nne

Kuna njia ya kupima inayoliheshimu swali hili tangu mwanzo, na naipenda kuliko zote.

Jaribu kupima kipande cha waya mnene kwa multimita ya kawaida. Ukinzani wake ni omu 0.02, nyaya za multimita yenyewe zina omu kama 0.3, na kila unapobadilisha shinikizo la kidole kwenye ncha namba inacheza. Unapima vidole vyako na nyaya zako. Cha kupimwa kimefunikwa.

Basi tumia nyaya nne. Mbili zipitishe mkondo mkubwa unaojulikana, tuseme ampea 5, kutoka nje kabisa ya kipande kile. Mbili nyingine, za voltimita, ziguse ndani zaidi, juu ya waya wenyewe, pale unapotaka kuanza na pale unapotaka kuishia. Voltimita inavuta mkondo mdogo sana, kwa hiyo hata kama nyaya zake zina ukinzani, hazipotezi volti za kuonekana. Inasoma volti 0.1. Gawanya kwa 5: omu 0.02. Zidisha: wati 0.5.

Mpangilio huu hujulikana kwa jina la Kelvin, mwanafizikia William Thomson aliyeutumia karne ya 19. Uzuri wake ni kwamba ncha mbili za voltimita zinachora mpaka. Omu unazopata ni za kilichomo kati ya ncha hizo, na ukizisogeza, umebadilisha swali.

Fundi anaweza kuitumia akili hiyohiyo kwenye kifaa kinachofanya kazi. Mzigo ukiwa umewaka, volti zinazosomwa kati ya upande mmoja wa maungio na upande wa pili zinatakiwa ziwe karibu na sifuri. Zikisoma 4, na mkondo ni ampea 8, unajua pale panachemka wati 32, bila kuona moshi wowote. Ni kazi ya aliyefunzwa na mwenye vifaa vya usalama, kwa sababu mzunguko uko hai.

## Mota na wati zisizotimia

Nilidhani nimemaliza, mpaka nilipofika kwenye mota.

Kwenye mota voltimita inasoma volti 230, amita inasoma ampea 4. Zidisha, 920. Wati-mita iliyofungwa papo hapo inasoma 690. Volti ni za mota yenyewe, ampea ni za mota yenyewe, vyote vimepimwa pamoja, na bado hazilingani.

Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa kila sekunde. Ile 230 ni wastani wa aina yake. Kwa kweli volti zinapanda hadi karibu 325, zinashuka hadi sifuri, zinageuka upande wa pili. Kwenye hita mkondo unazifuata hatua kwa hatua, vinafika kileleni pamoja. Kwenye mota koili zinauchelewesha mkondo. Volti zikiwa kileleni mkondo bado uko njiani. Mkondo ukifika, volti zimeanza kushuka. Kuna nyakati ndani ya kila mzunguko ambapo kimoja ni chanya na kingine hasi, na katika nyakati hizo mota inarudisha nishati kwenye nyaya badala ya kuila.

Ukizidisha 230 kwa 4 umekutanisha vitu viwili ambavyo havikukutana. Ndiyo maana jibu hilo haliitwi wati, huitwa volti-ampea, na uwiano wa 690 kwa 920, yaani 0.75, ndio kipengele cha nguvu cha mota hiyo. Ukigawanya 230 kwa 4 unapata omu 57.5, lakini hizo haziwezi kukupa joto la koili; ukinzani wa shaba yenyewe ni mdogo zaidi, na sehemu kubwa ya namba hiyo inatokana na ule ucheleweshaji pamoja na kazi ya kuzungusha mzigo.

Njia ya msingi ya kupata wati za kweli ni kuzidisha volti na ampea za papo lile, kisha za papo linalofuata, na kuendelea hivyo, halafu kutafuta wastani. Mita za kidijitali za umeme hufanya hivyo: huchukua vipimo vyote viwili maelfu ya mara kwa sekunde, huzidisha kila jozi, hujumlisha pamoja na zile zenye alama hasi, na jumla hiyo ndiyo inayogeuka kuwa kilowati-saa.